Mitungi ya Ubavuni

Kama kuna kazi niliyoichukia maishani ni kushika kamba. Unasimama kwa ukingo wa bwawa, kamba mkononi, mwenzako yuko chini ya maji anafanya kazi ya maana, na wewe kazi yako ni kungoja avute kidogo kukuambia yuko salama. Akivuta, na wewe unavuta kumjibu. Basi, imeisha hiyo. Mchana kutwa unavutana na mtu usiyemwona, jua linakupiga utosini. Hata mbuzi akifungwa kamba mguuni anaweza kuifanya.

Na mimi nilikuwa mpiga mbizi! Siyo wa kuogelea-ogelea hotelini, wa kazi. Katika kikosi cha Urbanus Kaleli tulikuwa tukizibua mabwawa ya mashamba ya kahawa, kuanzia Ruiru mpaka kupita Thika. Unashuka na mtungi wako wa hewa mgongoni, unaingia kwenye giza, unapapasa mdomo wa bomba, unang'oa magunia, mizizi, mara kiatu, mara sufuria ya watu. Kwetu Kalimoni waliniita Ndunge wa Maji. Nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa.

Halafu siku moja pikapu ya kazi ikateleza pale Murera, barabara ikiwa tope tupu, nikarushwa nje nikaangukia jiwe kwa mgongo. Daktari aliangalia picha akaniambia nina bahati. Nitatembea, nitalima, nitazaa nikitaka, lakini mzigo mgongoni nisahau. Nikamuuliza, na mtungi? Akaniuliza, ni mzito? Nikavaa viatu vyangu. Majini mtungi huusikii, lakini kuteremka nao mpaka kwa maji na kupanda nao ukitoka, hapo ndipo mgongo unapolipishwa. Urbanus hakunifukuza kazi. Alinipa kamba. Kila mtu akasema nimshukuru, nikamshukuru kwa mdomo, na moyoni nikamtukana kila siku ya Mungu.

Ikaja mvua ya El Nino ya mwaka wa tisini na saba. Wewe uliyekuwepo unajua. Ilipokwisha, mwaka uliofuata, mabwawa yote yalikuwa yamemeza miti na takataka, na simu ya Urbanus haikulala. Bwawa moja upande wa Theta lilimshinda. Maji yake yalitoka kwa handaki la mawe lililojengwa zamani, jembamba, na mtu mwenye mtungi mgongoni alikuwa akigonga dari kama ng'ombe aliyeingia jikoni. Gerishon, aliyekuwa mpiga mbizi wetu mkubwa, alijaribu akatoka na jeraha la shingo. Urbanus akapiga simu Mombasa, akamleta mwalimu.

Mwalimu huyo aliitwa Waleed. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa amejifunza ng'ambo, na watu wanaoingia kwenye mapango yaliyojaa maji. Alitukusanya kwenye shimo la kuari la Kalimoni, lile walilochimba mawe wakaacha, mvua ikalijaza, akaweka mitungi miwili chini.

"Huku hatubebi mgongoni," akasema. "Mtungi mmoja ubavu huu, mwingine ubavu ule. Unaupeleka majini kwa mkono, mmoja mmoja, hata mwenzio akusaidie. Ukishaingia ndipo unaufunga mwilini. Hivyo unakuwa bapa, unapita pahali pembamba. Na palipo pembamba zaidi, unauvua mtungi na kuusukuma mbele yako."

Mimi nilikuwa nyuma, na kamba yangu. Nikasikia damu inapanda masikioni.

"Mwalimu," nikaita, "mgongoni kunabaki nini?"

"Hakubaki kitu, dadangu. Hata kile kisahani cha chuma cha kufungia mtungi."

Niliiangusha ile kamba pale pale. Urbanus akageuka akanitazama, na alijua kinachokuja kwa sababu ananijua tangu nikiwa mtoto, boma lao na letu ni ua moja. Akasema mafunzo ni ya Gerishon. Nikasema ni ya mwenye mwili wa kupita handakini. Akasema mgongo wangu. Nikamwambia mgongo ni wangu, sijauweka rehani kwake. Tulipigiana kelele pale mpaka mwalimu akaenda kukaa kando. Mwishowe Urbanus akainua mikono.

"Sawa! Jifunze. Jumamosi kuna mtihani. Ukipita, unarudi majini. Usipopita, Ndunge, unashika kamba mpaka uzeeke, na sitaki kusikia huo mdomo wako tena."

"Utasikia tu," nikasema.

Tatizo la kwanza lilikuwa mpira. Mtungi wa ubavuni unashikwa pahali pawili. Chini, una kulabu inayoingia kwenye mkanda wa kiunoni. Juu, shingo yake inashikwa na mpira unaopita chini ya kwapa. Mikanda alitushonea fundi wa turubai za lori mjini Thika, safi kabisa, lakini mipira ya Waleed ilikuwa ya zamani, ikakatika siku ya kwanza. Akakaa akishika tama, akisema itabidi tungoje basi la Mombasa.

"Kungoja nini?" nikasema. "Blada iko."

Mtu wa huku haambiwi habari ya blada. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ukiisha kazi, unaukata vipande virefu, na hapo unaweza kufunga chochote kilicho duniani. Baba yangu, mzee Munyao, alibeba maziwa kwa baiskeli kutoka Kalimoni mpaka Ruiru miaka yote ya ujana wangu, na ni mimi niliyefunga makopo yake asubuhi. Unaweka goti juu ya kopo, unavuta blada mpaka inalia, unazungusha, unavuta tena, unapiga fundo. Barabara ya huko ni mawe na mashimo. Nimemwona baba kopo likimchomoka, maziwa yanaingia kwenye udongo wa murram, na mtu mzima anakaa chini kando ya baiskeli analia. Kwa hivyo mimi nikifunga, kitu kimefungwa.

Basi nikakata blada, nikaingia majini mpaka kifuani, nikafunga mitungi yangu miwili. Goti, vuta, zungusha, vuta. Waleed akanitazama macho yamemtoka.

"Loh! Bi Ndunge, unafunga mtungi au unanyonga mtu?"

"Mwalimu, ukiacha mzigo ucheze utauokota barabarani."

"Barabara iko wapi hapa?"

Gerishon alicheka mpaka akameza maji. Mimi sikucheka. Waleed akailegeza blada yangu, akanionyesha kwamba mtungi unatakiwa ulale tu ubavuni, uweze kusogea mbele na nyuma ukiuvuta. Nikaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Alipogeuka kumwangalia Gerishon nikavuta tena.

Siku zile tulikuwa na watazamaji, wacha nikuambie. Ukingo wa kuari ulijaa watu. Huku kwetu mtu akionekana amevaa suti ya mpira kando ya maji, maana yake ni moja, kuna aliyezama. Wamama wa kanisa walikuja na nyimbo zao kabisa. Mmoja akamshika Gerishon mkono akimuuliza kwa huruma ni wa nani aliyezama.

"Hakuna maiti, mama," Gerishon akasema. "Tunajifunza."

"Mnajifunza kuzama?"

"Haiya! Kutozama, mama!"

Hawakumwamini. Waliendelea kuimba polepole, wakitungoja tukosee.

Na kuzunguka-zunguka mle ndani kulikuwa raha, siwezi kudanganya. Mara ya kwanza nilipolala juu ya maji yale ya kijani, mgongo ukiwa mtupu, ubavu huu mtungi, ubavu ule mtungi, nilihisi nimerudi nyumbani. Nilikuwa nimekonda kwa hamu mwaka mzima. Ila nilikuwa nimelala vibaya, kichwa chini miguu juu, na nilipotaka kufikia kifungulio cha hewa kwapani nilikuta kimekazwa hapo, hakigeuki. Nikasema ni mambo madogo. Nikajiambia angalau hakuna kinachocheza.

Alhamisi Waleed akatushusha kwenye njia ya mtihani. Alikuwa amezamisha kalvati za simenti, yale mabomba makubwa ya chini ya barabara, zikafuatana chini ya kuari, zikawa kama handaki, na katikati yake amesimamisha fremu ya chuma ya dirisha. Kupita hapo lazima uchomoe kulabu ya kiunoni, uuvute mtungi mmoja mbele yako, uusukume upite kwanza, halafu na wewe ujipenyeze na ule uliobaki. Gerishon alienda. Alikwaruzwa mabega yale yake mapana, akapita.

Nikaingia. Kalvati zilikuwa sawa. Nikafika kwenye fremu, nikachomoa kulabu, nikavuta mtungi. Haukuja. Nikavuta tena kwa nguvu. Blada ilikuwa imeushika shingoni kama askari aliyeshika mwizi. Nikajigeuza nipate nafasi ya kutia vidole, na nilipojigeuza mtungi mwingine ukajibana kwenye chuma. Mbele siendi, nyuma sirudi. Mgongo ukaanza kuniuma pale pale pa zamani. Pumzi zikaanza kwenda mbio, na ninajua vizuri pumzi zikienda mbio majini mwisho wake ni nini. Nikajiambia, Ndunge tulia, Ndunge tulia mama. Nikaona mkono wa Waleed na kisu. Akaikata blada yangu, akanivuta kutoka kule nyuma kama anayevuta mzigo chini ya kitanda.

Tulipoibuka wale wamama walikuwa wameacha kuimba. Urbanus alikuwa amesimama ukingoni, rangi imempotea.

"Imetosha, Ndunge," akasema.

Alisema kwa upole. Hapo ndipo aliponimaliza. Angenigombeza ningejua la kumjibu. Nilikaa kwenye maji ya magoti nikalia mbele za watu wote, machozi na kamasi, sikujali.

"Si Jumamosi leo," Waleed akamwambia.

"Mwalimu, umeona mwenyewe. Atafia humo."

"Nimeona mtu aliyekwama akatulia. Wangapi hutulia? Siku ya mtihani umeitaja wewe mwenyewe. Niachie mpaka hiyo Jumamosi."

Urbanus alitazama maji, akanitazama, akaondoka zake. Kwa Urbanus hiyo ni ndiyo.

Ijumaa Waleed hakunipeleka kwenye kalvati. Alinipeleka kwenye ukingo wa mwamba ulio ndani ya maji, karibu karibu tu, jua linafika. Kabla ya kushuka akanieleza tunachokwenda kufanya. Nitavua mtungi mmoja, kulabu na blada yote, nibaki napumua kutoka kwa ule mwingine. Halafu nitauachilia.

"Kuachilia namna gani?"

"Unafungua mkono."

"Ukipotea?"

"Fungua mkono, Bi Ndunge."

Tukashuka. Nikavua mtungi. Nikaushika kwa mikono miwili kifuani. Waleed akanionyesha kiganja chake wazi. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha tena. Nikatikisa tena. Tulikaa hivyo, yeye amefungua kiganja, mimi nimekumbatia mtungi wangu kama mtoto aliyenyimwa. Sikuwa naogopa kufa. Nilikuwa naona maziwa, nakwambia. Vidole vyangu havikujua kuacha mzigo, havikuwahi kufunzwa.

Nikafungua kidole kimoja kimoja.

Mtungi ukabaki hapo. Hewa yake ilikuwa imetumika nusu, na mtungi wa nusu haujui kama ni mzito au mwepesi. Ulishuka kidogo sana, ukajigeuza polepole, ukatulia mbele ya uso wangu. Nikausukuma kwa kidole, ukaenda. Nikauvuta, ukaja. Kumbe! Kumbe majini mzigo hauanguki! Nimekuwa kwenye maji miaka yote hiyo na sikuwa najua kitu rahisi hivyo, kwa sababu mgongoni huuoni mzigo wako, unaubeba tu. Nilicheka mpaka miwani ikaingia maji. Waleed naye alikuwa akicheka, mapovu yamemfunika kichwa chote.

Jioni hiyo nilikata blada mpya. Nilizipima nikiwa nimeinua mkono, nikazifunga zikashika tu. Kufunga vile kuliniuma, usidhani kulikuwa rahisi. Gerishon alikuja na chai kwa chupa akakaa kunitazama.

"Siste, hiyo si imelegea?" akauliza.

"Imelegea sana," nikasema. "Kunywa chai yako."

Jumamosi kuari ilijaa kuliko siku zote. Nadhani habari ya kukwama kwangu ilifika mpaka Ruiru. Urbanus alifika mapema, akasimama pale pale alipokuwa amesimama Alhamisi, mikono kifuani. Gerishon alinishushia mitungi mmoja baada ya mwingine, nikaifunga nikiwa majini. Ikalala ubavuni, ikitikisika kidogo kila nikipumua. Mwili wote uliniambia niikaze. Nikaukataa mwili. Waleed akaniuliza kama niko tayari, nikamwambia aache maswali mengi.

Gerishon akatangulia kuzunguka kwa nje aningoje upande wa kutokea. Nikaingia kwenye kalvati. Nililala bapa, kichwa hakikushuka, miguu haikupanda. Nilipofika kwenye fremu nikachomoa kulabu ya kushoto, nikavuta. Mtungi ukateleza ukaja mbele kama mtoto mwenye adabu. Nikautoa kwenye blada, nikausukuma kwenye fremu, mkono wangu ukaufuata.

Hapo tope likainuka. Labda nilipiga mguu chini, sijui. Giza lilikuja mara moja, nisione hata mkono wangu. Nikatia bega la kushoto, nikatia kichwa, nikajivuta, na kiuno kikagoma. Kulabu ya mtungi wa kulia ilikuwa imejishika kwenye chuma. Nikaipapasa kwa mkono wa kulia. Mkono mmoja haukuitosha. Ilitaka mikono miwili, mmoja usukume mtungi, mwingine ufungue.

Na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mtungi wa mbele, gizani, nisikouona.

Sitasema sikuogopa. Niliogopa mpaka meno yakauma kipumulio. Nyuma yangu kulikuwa na kazi ya kushika kamba maisha yote, na njia ya kuikwepa ilikuwa kufanya kitu ambacho kila mfupa wangu ulikikataa. Nikavuta pumzi ndefu. Nikafungua mkono wa kushoto. Nikaurudisha kiunoni, nikasukuma mtungi, nikaminya kulabu, chuma kikaniachia. Nikapita. Kiuno kikapita, mapaja yakapita, mapezi yakapita. Nikanyoosha mkono mbele kwenye tope lile.

Ulikuwepo. Mtungi wangu ulikuwa umekaa pale pale nilipouacha.

Nikaushika shingo, nikausukuma mbele yangu, nikaenda taratibu kabisa kwa sababu sasa nilikuwa na haraka ya nini? Tope likapungua, kijani kikarudi, nikaona mkono mkubwa wa Gerishon umenyooshwa mdomoni mwa kalvati. Nikampa kiganja, tukapigana tano majini, na ukipigana tano majini hakuna sauti lakini niliisikia.

Tuliibuka pamoja. Waleed akapokea mtungi wa kwanza, Gerishon akapokea wa pili. Nami nikatoka majini nikitembea, sijainama, sijashikwa mkono na mtu, mgongo umenyooka na hauna kitu. Nilipofika kwenye mwamba nikavua kofia ya mpira na sikuweza kujizuia tena. Nikapiga vigelegele, vile vya harusini, vya kutoka tumboni. Halafu mama mmoja wa kanisa akaitikia, na mwingine, na wote, mpaka mawe yakawa yanaturudishia. Sidhani walijua wanachoshangilia. Walishangilia tu, na mimi nililia tena, safari hii bila aibu yoyote. Waleed alisimama kando na mitungi yangu miwili akitabasamu kama aliyezaa.

Urbanus akashuka ukingoni polepole, akichagua mahali pa kukanyaga. Akafika, akakohoa.

"Jumatatu tunaenda Theta," akasema kwa sauti ya chini. "Handaki ni lako. Wewe ndiye utatangulia."

"Sijasikia."

"Ndunge..."

"Wacha Ndunge. Sema kwa nguvu, hao wamama wasikie."

Urbanus akawatazama wale watu wote waliojaa juu ya kuari, akamtazama Gerishon, na Gerishon akatazama mawinguni. Basi akainua kichwa, akaita kwa sauti yake yote kwamba Jumatatu Ndunge wa Munyao ndiye anayetangulia majini Theta, na wengine wote watamfuata.

Nikamwambia arudie.